Mwanangu mwenye usonji halali usiku. Nimpe melatonini?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Manyatta, Kisumu:

"Daktari, habari ya kazi. Nina mtoto wa kiume wa miaka 6, Baraka. Mwaka jana alipimwa tukaambiwa ana usonji. Shida yetu kubwa ni usiku. Namlaza saa mbili, yeye halali hadi saa tano au saa sita, na saa kumi na moja alfajiri yuko macho anaruka kitandani. Tunaishi chumba kimoja, mimi, mume wangu, yeye na mdogo wake. Akilala hukoroma na kurusha miguu. Chakula anachokubali ni ugali mkavu, mkate na chai. Kuna siku huamka ghafla kabla ya kupambazuka, mdomo unavutwa upande mmoja, mate yanamtoka, namwita haitiki, halafu baada ya kama dakika moja analala tena. Mama mkwe anasema ni mapepo, tena ni mimi niliyemdekeza. Dada yangu yuko Marekani, anasema huko watoto kama hawa hupewa peremende za melatonini na anataka kunitumia. Utafiti unasemaje? Nimpe?"

Mama Baraka, pole sana kwa hizo kesha zote. Jibu fupi ni kwamba melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umefika, imewasaidia watoto wengi wenye usonji, lakini Baraka usimpe kwa sasa. Barua yako ina mambo ambayo lazima yaangaliwe kwanza, na moja umelitaja katikati kama la kupita tu, ilhali ndilo lililonifanya nikujibu leo badala ya wiki ijayo.

Nazungumzia huo mdomo unaovutwa upande mmoja. Mtoto akiamka alfajiri uso umevutika, mate yanamtoka, haitiki akiitwa, kisha akarudi kulala kana kwamba hakuna lililotokea, daktari wa watoto hufikiria kifafa cha usingizini kabla ya kufikiria kitu kingine chochote. Najua neno lenyewe linatisha, na najua kwa nini familia nyingi hukwepa kulitamka. Lakini mficha maradhi kilio humfichua. Watoto wenye usonji hupata kifafa mara nyingi zaidi kuliko watoto wengine, na ziko aina za kifafa ambazo huja hasa mtoto anaposinzia au anapokaribia kuamka. Kinatibika. Sijasema Baraka anacho, nasema apimwe kabla ya kupewa kitu chochote cha usingizi.

Kikimjia tena, mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimbane mikono, na uangalie saa. Kikipita dakika 5, au kikija kingine kabla hajarudiwa na fahamu, mkimbize hospitali usiku huohuo. Na kama simu iko karibu, mrekodi. Video ya nusu dakika inatufaa kuliko maelezo ya nusu saa, kwa sababu mzazi aliyeshtuka hakumbuki ni mkono upi ulioanza kutikisika.

La pili ni kukoroma. Mtoto mwenye mafua akikoroma siku mbili tatu si neno. Mtoto anayekoroma kila usiku huenda ana mafindofindo makubwa au nyama nyuma ya pua zinazobana njia ya hewa, na kila hewa inapobanwa ubongo unamgutusha kidogo ili avute pumzi, hata kama macho hayafunguki. Usiku mmoja mkae wima wewe au baba yake mumtazame kwa saa nzima. Analala mdomo wazi? Anapinda shingo nyuma? Anatoka jasho jingi? Kuna kimya cha sekunde kadhaa, halafu anavuta pumzi kwa kishindo kama aliyekabwa? Mkiona hivyo, melatonini haiwezi kufungua koo lililozibwa, anahitaji kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo. Na kwa kuwa mko Kisumu, nitauliza ninalomuuliza kila mzazi wa upande huu wa ziwa: Baraka aliwahi kupimwa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi? Ugonjwa huu ni wa kawaida kwetu magharibi, na mtoto aliye nao akikosa hewa ya kutosha usingizini anaumia zaidi kuliko mwingine.

Sasa miguu na chai. Nitakaa hapa kidogo, kwa maana nadhani hapa pana kitu cha Baraka.

Tangu miaka ya 2000 watafiti wamekuwa wakiifuatilia akiba ya madini ya chuma mwilini, inayopimwa kwa damu kupitia protini iitwayo feritini. Akiba ikiwa ndogo, miguu hukosa utulivu usiku, na mtoto asiyeweza kueleza anavyojisikia huirusha tu. Mwaka 2007 madaktari wa Toronto, Kanada, waliwapa watoto 33 wenye usonji dawa ya chuma kwa wiki 8, na wale waliokuwa wakihangaika usingizini walipungua kiasi. Jaribio hilo lilikuwa dogo na halikuwa na kundi la kulinganisha. Lilipofanywa jingine la kulinganisha mwaka 2020, kwa watoto 20, feritini ilipanda vizuri, lakini muda wa kupata usingizi haukubadilika kwa kiwango cha kushangilia, ingawa hali kwa jumla ilionekana kuwa nafuu. Kwa hiyo siwezi kukuapia kwamba chuma kitamlaza Baraka. Ninachokijua ni kwamba mtoto anayeishi kwa ugali mkavu, mkate na chai ana kila sababu ya kuwa na akiba ndogo, na upungufu huo unamdhuru kwa njia nyingine nyingi hata tukiuweka usingizi kando.

Chai yenyewe ina makosa mawili kwa kikombe kimoja. Ina kafeini, na kafeini ya saa moja jioni bado imo mwilini saa nne usiku. Pia ina tanini, ambazo hukishika chuma cha chakula tumboni kisiingie kwenye damu. Sisi Wakenya tumelelewa na chai ya jioni na hatuioni kama kitu cha kumnyima mtoto usingizi. Anza hapo, leo hii. Usimnyang'anye kikombe, maana kwa mtoto mwenye usonji kikombe kilekile saa ileile ni nguzo ya siku. Punguza majani kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu mpaka kibaki maziwa ya moto yenye sukari kidogo, rangi ikififia taratibu. Uji wa wimbi uliochachushwa ukikubalika ni bora zaidi, na unga wa omena, dagaa wa ziwani, unaweza kuingizwa kwa kiasi cha ncha ya kijiko, usiojulikana hata kwa ulimi wake mkali. Akikataa, rudi nyuma, ngoja, jaribu tena wiki ijayo.

Lakini vidonge vya chuma usinunue mwenyewe dukani. Mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Pemba, uliohusisha watoto wadogo zaidi ya 24,000, na ulionyesha kwamba kumpa kila mtoto chuma bila kumpima, mahali penye malaria nyingi, kuliongeza waliolazwa hospitalini na waliofariki. Kandokando ya Ziwa Victoria ni mahali penye malaria nyingi. Vilevile feritini hupanda mwili ukiwa na homa, hata kama akiba ni kidogo, kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa wiki ya malaria kinaweza kusema uongo. Mpeleke akiwa mzima, na daktari aombe pamoja nacho kipimo cha kuonyesha kama kuna uvimbe au maambukizi mwilini.

Uliuliza utafiti unasemaje, na sitaki kukukwepa.

Daktari Leo Kanner alipowaeleza watoto 11 mwaka 1943, andiko lililoupa usonji nafasi yake katika tiba, macho ya wataalamu yalikuwa kwenye lugha na uhusiano na watu. Usingizi ulikaa pembeni kwa miongo mingi, kama kero ya nyumbani isiyohusu kliniki. Mimi mwenyewe, nikiwa daktari mchanga, nilimwambia mama mmoja aliyekuwa akilia mbele yangu kwamba mtoto "atazoea tu". Hakuzoea, na bado namfikiria mama yule. Leo hatusemi hivyo tena. Tafiti nyingi zinaonyesha kuwa kati ya nusu na asilimia 80 ya watoto wenye usonji wana shida ya usingizi, kiwango kilicho mbali juu ya kile cha watoto wengine. Na tunajua kwamba usiku mbaya huzaa mchana mbaya: hasira, kujiumiza, kurudiarudia vitendo, kushindwa kutulia darasani. Kwa hiyo usingizi umetoka pembeni ukawa mlango wa kuingilia, kwa sababu ni moja ya mambo machache tunayoweza kuyabadilisha.

Uingereza, katika eneo la Bristol, walifuatilia maelfu ya watoto tangu kuzaliwa. Wale waliokuja kugunduliwa kuwa na usonji walianza kulala pungufu wakiwa na miezi 30, na pengo likaendelea hadi miaka 11, kati ya dakika 17 na 43 kila siku. Waliopitia tafiti zilizotumia vipimo vya usingizi, si maneno ya wazazi peke yake, nao walikuta pengo la kama nusu saa. Utasema nusu saa ni nini. Ni wastani, Mama Baraka. Ndani ya wastani huo wamo watoto wanaolala vizuri kabisa, na wamo akina Baraka.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda kuwaeleza akina mama. Ulitangazwa mwaka 2020 kutoka Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani, na ulihusu watoto wachanga zaidi ya 400 waliopigwa picha za ubongo. Waliokuja kuonekana kuwa na usonji baadaye walikuwa wakipata taabu ya kushikwa na usingizi hata kabla ya kutimiza mwaka, na taabu hiyo iliendana na ukuaji tofauti wa sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Kichanga wa miezi sita hajadekezwa na mtu. Hilo mwambie mama mkwe, kwa heshima yake yote.

Kisha kuna hii melatonini. Ni homoni ya mwili wenyewe, iliyotambuliwa mwaka 1958 na Aaron Lerner huko Yale baada ya kusaga tezi nyingi za ubongo wa ng'ombe. Giza likiingia, tezi ndogo katikati ya ubongo huimwaga kwenye damu, na mwili unaelewa kwamba usiku umefika. Mwaka 2005 watafiti wa Ufaransa walipima mkojo wa usiku wa watoto na vijana wenye usonji wakakuta mabaki ya homoni hii yako chini kuliko kwa wenzao. Mwaka 2008 wengine, wa Institut Pasteur, Paris, wakakuta kwa baadhi ya watu hitilafu katika jeni linalohusika na utengenezaji wake. Si kila mtoto mwenye usonji ana upungufu huo, lakini hapo ndipo wazo la kuongeza melatonini lilipopata nguvu.

Je, inafanya kazi? Uingereza mwaka 2012, watoto 146 wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo, baadhi yao wakiwa na usonji, walipewa melatonini au kidonge kisicho na dawa kwa wiki 12. Waliopewa melatonini walipata usingizi mapema zaidi, hata kwa zaidi ya nusu saa. Walakini waliamka mapema pia, kwa hiyo muda wote wa kulala uliongezeka kwa dakika 22 tu. Fikiria hilo kwa Baraka, ambaye tayari saa kumi na moja yuko macho. Ndiyo maana ikatengenezwa aina inayoyeyuka polepole usiku kucha. Hiyo ilijaribiwa kwa watoto 125 na matokeo yakatolewa mwaka 2017: baada ya wiki 13 waliongeza kama dakika 57 za usingizi, na waliopewa kidonge kisicho na dawa waliongeza kama 9. Ulaya iliipitisha mwaka 2018 kwa watoto wenye usonji. Waliofuatiliwa kwa miaka 2 hawakuonekana kudumaa wala kubadilika wakati wa kubalehe. Hiyo ni habari njema. Lakini miaka 2 si utoto mzima.

Mwaka 2020 chama cha madaktari wa neva cha Marekani kilitoa mwongozo, na mpangilio wake ndio ninaoufuata: kwanza tafuta ugonjwa mwingine au dawa inayovuruga usingizi, halafu rekebisha taratibu za jioni, na hayo yakishindwa ndipo melatonini, kuanzia kiasi kidogo cha miligramu 1 hadi 3, nusu saa hadi saa moja kabla ya kulala, bila kupita miligramu 10, chini ya macho ya daktari.

Na peremende za dada yako? Marekani melatonini huuzwa kama nyongeza ya chakula, si kama dawa, kwa hiyo haipiti kwenye mizani ya dawa. Mwaka 2023 watafiti walinunua aina 25 za hizo peremende laini wakazipima. Aina 22 zilikuwa na kiasi kisicholingana na kilichoandikwa koponi. Nyingine ilikuwa na zaidi ya mara tatu ya kilichoandikwa, na moja haikuwa na melatonini hata chembe. Dada yako ana nia njema kabisa, lakini wewe ungekuwa unampa Baraka miligramu 3 kwa maandishi na pengine 10 kwa ukweli, tena kwa umbo la pipi ambayo mdogo wake ataitafuta kabatini.

Na wakati nazungumzia vitu vya kumlaza mtoto, zile dawa za mafua na za mwasho zinazoleta usingizi, ambazo huuzwa hata kwenye vioski, usimpe kwa ajili hiyo. Wapo watoto wanaochangamka badala ya kusinzia, na anayelala nayo huzoea haraka, kisha kipimo kinapandishwa. Blanketi zito linalosifiwa sana nalo lilijaribiwa Uingereza mwaka 2014 kwa watoto 67. Usingizi haukuongezeka, ingawa watoto na wazazi walilipenda. Kwa joto la Kisumu sikushauri utumie pesa huko.

Hapa nataka kusema jambo ambalo makala za kitaalamu haziliandiki. Karibu tafiti zote nilizokutajia zimefanyika kwenye nyumba zenye chumba cha mtoto, mlango unaofungwa, na jirani aliye ng'ambo ya ua. Afrika bado tumeandikwa kidogo. Kilifi kuna watafiti wetu wanaofanya kazi nzuri juu ya usonji, na mradi wa NeuroDev wa huko na Cape Town umekusanya habari za kijeni za watoto wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo, lakini usingizi wa mtoto wa ploti ya mabati bado unangoja wa kuuchunguza. Kwa hiyo kazi yangu ni kuchukua kilichopatikana kule na kukuuliza: katika chumba chako, hiki kinawezekana vipi?

Mwanga, kwa mfano. London mwezi wa Juni jua linazama baada ya saa tatu usiku, Desemba kabla ya saa kumi jioni. Mtoto wa kule analazwa jua bado linawaka, na mwili wake unabishana na mama yake. Wewe uko karibu kabisa na mstari wa ikweta, ule unaopita Maseno, safari fupi kutoka hapo. Mwaka mzima jua lako linachomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili na nusu, na tofauti katika mwaka mzima ni kama nusu saa tu. Hiyo ni zawadi. Giza la kweli linaingia saa moja kila siku bila kukosa, na saa ya mwili inapenda kitu kisichobadilika. Adui wa giza hilo ni simu, runinga na ile balbu nyeupe kali. Baada ya saa moja na nusu, simu ya katuni ifichwe, si kwa ugomvi bali iwe "imelala" kwenye kasha lake kabla ya Baraka. Tumia balbu ya manjano au taa ndogo iliyogeuziwa ukutani. Asubuhi fanya kinyume: saa moja awe nje kwenye jua, hata kama ni kukaa mlangoni na kikombe cha uji, dakika 20 au 30. Jua la asubuhi ndilo linaloirekebisha saa ya usiku.

Halafu picha. Baraka huenda haelewi "sasa ni wakati wa kulala", lakini anaelewa kinachofuata kitu kingine. Kata kadibodi ya katoni, chora au bandika picha tano: beseni la kuoga, nguo za kulala, mswaki, neti, taa iliyozimwa. Zifuatane hivyohivyo kila usiku, yeye mwenyewe akigeuza kila picha baada ya kumaliza. Zisizidi tano. Kuoga kukimchangamsha, kama kunavyowachangamsha wengine, kusogeze mbele kabla ya chakula.

Chumba kimoja ni kigumu, sitadanganya. Tundika pazia zito au shuka nene kuzunguka kitanda chake, ili macho yake yapumzike hata kama nyinyi bado mnakula. Kelele ndizo zinazowashinda wengi wenu: wufa ya jirani, kesha ya kanisa Ijumaa, matanga ya mtaa wa pili. Watoto wenye usonji ambao masikio na ngozi zao huhisi mno ndio wanaolala vibaya zaidi. Hilo lilionekana katika utafiti wa watoto zaidi ya 1,300 Marekani na Kanada, na hofu ilikwenda sambamba nalo. Kelele ya ghafla ndiyo inayoamsha, kwa hiyo sauti ndogo isiyobadilika, kama ya feni, inaweza kuzifunika zile za nje. Ukaguzi wa ngozi nao ni muhimu: pitisha kidole kwenye nguo zake za kulala, ile lebo shingoni, mshono wa kwapani, shuka yenye vinyweleo. Na neti. Watoto wengi huichukia kwa harufu na kwa kuwagusa. Ikiwa mpya, itundike kivulini siku nzima kabla ya kuitumia, iinue juu iwe kama hema isimguse uso, lakini usiiondoe. Hapo mlipo usiku bila neti haufai kwa sababu yoyote.

Kitu kimoja usikifanye bado. Sisi huwashauri wazazi kumlaza mtoto saa ileile anayolala kwa kweli, kwa Baraka iwe saa tano na nusu, ili kitanda kisiwe uwanja wa vita wa saa tatu nzima, kisha kuirudisha nyuma kwa robo saa kila baada ya siku chache. Njia hii ni nzuri sana. Lakini mwanzoni inaweza kupunguza usingizi kidogo, na usingizi mdogo huchochea kifafa. Ngoja tumalize habari ya ule mdomo kwanza. Kwa sasa mlaze saa tatu badala ya saa mbili, lakini saa ya kuamka iwe ileile kila siku, Jumapili pia. Na hukuniambia kama analala mchana. Watoto wengi humaliziwa usingizi wao darasani au kwenye gari la shule, kisha usiku hawana deni la kulipa. Muulize mwalimu.

Nakuandikia haya yote nikijua kwamba karatasi peke yake haitoshi. Mwaka 2012 walijaribu Marekani kuwapa wazazi kijitabu tu, na hakikusaidia vya kutosha. Mwaka 2014 wazazi wa watoto 80 walikaa na mtu wa kuwafundisha, wengine saa moja peke yao, wengine vikao viwili vya kundi, na makundi yote mawili yaliona watoto wakipata usingizi mapema zaidi. Saa moja tu, lakini ya mtu na mtu. Siku hizi hata kwa simu ya video inafanyika. Ukifika kliniki, dai hiyo saa moja, kwa mtaalamu wa tiba ya kazi au muuguzi wa watoto anayefahamu usonji.

Kuhusu mama mkwe. Lawama aliyokutwika si ya Kijaluo wala si ya kijiji. Miaka ya 1950 na 1960, wasomi wakubwa wa Marekani na Ulaya walifundisha kwamba usonji huletwa na mama mwenye moyo baridi. Akina mama walibeba aibu hiyo miaka mingi hadi Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa baba wa mtoto mwenye usonji, alipoivunja hoja hiyo mwaka 1964. Wewe unalaumiwa kwa kumdekeza, wale walilaumiwa kwa kutompenda, na mtoto ni yuleyule. Mama mkwe akitaka kuomba, mwache aombe, naye aje kliniki pamoja nawe asikie kwa masikio yake. Nimewaona wakwe wakibadilika baada ya kuiona video ya alfajiri wakiwa wamekaa mbele ya daktari.

Na wewe ulale. Gawaneni usiku na baba yake: mmoja wenu ashike zamu mpaka saa nane, mwingine kuanzia hapo. Mama aliyelala saa nne mfululizo anafuata ratiba ya picha, aliyekesha wiki nzima anashindwa kuifuata hata akitaka.

Wiki hii, basi, mpeleke kliniki ya watoto pale hospitali ya Jaramogi, ile ambayo wenyeji bado mnaiita Russia, au hospitali yoyote iliyo na daktari wa watoto. Beba video ukiwa nayo, na daftari lenye siku 7: saa aliyolala, mara alizoamka, saa aliyoamka asubuhi, alichokula jioni. Mwambie daktari habari ya mdomo kabla ya habari ya usingizi, ili aamue juu ya kipimo cha umeme wa ubongo na akuelekeze kinapofanyika. Omba damu ipimwe wingi wa damu, feritini, na selimundu kama hajawahi. Huenda vipimo vingine mkalipia wenyewe. Kwa hiyo mwambie dada yako asinunue zile peremende. Pesa ya makopo hayo, pamoja na ya kuyasafirisha, aitume kwa simu, ikalipie vipimo.